Habari za Kabureta, na Jinsi ya Kuichagulia Motakaa ya Mbio

Motakaa ipitapo njiani kila mtu huisifu kwa kile akionacho. Mmoja husifu rangi yake, mwingine husifu magurudumu, na watoto husifu mlio wake. Ni wachache sana waulizao: Je, mtambo huu huvutaje pumzi? Nasi leo twataka kueleza habari za chombo kidogo kikaacho ubavuni mwa injini, ambacho kazi yake ni kuipa pumzi hiyo. Chombo hiki chaitwa kabureta. Motakaa mpya za siku hizi hazinacho tena, lakini zile za kale zilizosifiwa kwa mbio zake zingali nacho, na wenye kuzitunza hawaishi kubishana: kabureta ya namna gani ndiyo ifaayo?

Tunayo sababu ya kuandika habari hizi, nayo ni kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na Morris Minor kuukuu, ambayo nguvu zake zilikuwa zimepungua hata ikashindwa na vilima ilivyovipanda zamani bila taabu. Tukajiambia, "Kabureta yake ni ya kale, nayo ni ndogo, na tuitoe, tuifungie kubwa." Tukatumia fedha tuliyoiweka akiba kwa miezi mingi. Je, faida yake ilikuwa nini? Motakaa ikazidi kuwa nzito mlimani, ikanywa petroli kama mwenye kiu ya siku tatu, na asubuhi ikakataa kuwaka. Ndipo tulipomwendea fundi mmoja mzee, akaomba aonyeshwe ile kabureta ya kwanza tuliyoitupa pembeni. Akaishika, akakitikisa kile kijiti kinachobeba kipepeo cha hewa, nacho kikacheza kama jino la mtoto litakalo kung'oka. Akasema, "Hapa ndipo hewa ilipokuwa ikiibwa. Ugonjwa ulikuwa huu mdogo, nanyi mmemfukuza mtumishi mwema." Hatukuwa na la kujibu. Tangu siku ile tulianza kuchunguza habari za kabureta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

1. Kazi yake na asili yake

Petroli peke yake haichomeki vema ndani ya silinda. Sharti ichanganywe na hewa, tena kwa kipimo. Kwa kila ratili moja ya petroli zahitajiwa karibu ratili 15 za hewa, ili yote iteketee pasipo kubaki kitu. Injini itakayo nguvu nyingi kabisa hupenda petroli izidi kidogo, yaani ratili moja kwa hewa ya ratili 12 na nusu au 13. Petroli ikizidi sana, plagi hushika masizi meusi, na fedha ya mwenye motakaa huenda na moshi. Ikipungua sana, moto ndani ya silinda huwa mkali kupita kiasi, hata pistoni zaweza kutoboka. Basi kabureta ni kama mpishi apimaye chumvi: kosa dogo laharibu chungu kizima.

Karl Benz, Mjerumani aliyeomba hati ya motakaa yake mwezi wa Januari 1886, alitumia njia nyepesi: hewa ilipitishwa juu ya petroli iliyomo chomboni, ikachukua mvuke wake. Njia hii ilitosha kwa mwendo wa pole, lakini mvuke haukuwa na kipimo cha hakika. Siku ya joto ulizidi, siku ya baridi ulipungua. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Gottlieb Daimler, alitengeneza kabureta iliyotoa petroli kwa manyunyu kutoka katika tundu jembamba. Mwaka huo huo Donát Bánki na János Csonka wa Hungaria nao waliandikisha kabureta yao ya namna hiyo. Hivyo watu wa nchi mbili walilifikia jambo moja kwa wakati mmoja, kama itokeavyo mara nyingi katika historia ya mitambo.

Siri ya manyunyu hayo ilikuwa imekwisha kujulikana zamani. Giovanni Battista Venturi, mtaalamu wa Italia, aliandika mwaka 1797 juu ya maji yapitayo mahali pembamba. Kila mtu aliyevuka mto amepata kuliona jambo hili: mto mpana huenda taratibu, lakini ufikapo kati ya miamba miwili hupita kwa nguvu. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Ikipita katika koo jembamba huenda mbio, na hapo penye mbio msukumo wake hupungua. Basi tundu la petroli likiwekwa mahali hapo, petroli hufyonzwa yenyewe, ikavunjika kuwa manyunyu na kwenda pamoja na hewa mpaka ndani ya silinda.

Lakini hapo ndipo penye shida, na shida hiyo ndiyo chanzo cha ubishi wote. Koo likiwa jembamba, injini husikia vizuri iendapo polepole, kwa maana hata hewa kidogo hupita kwa kasi na kufyonza petroli sawasawa. Lakini itakapo kukimbia sana, koo lile huikaba. Koo likiwa pana, injini hupumua vema katika mbio, bali katika mwendo wa pole hewa hulegea, petroli haivunjiki, na motakaa hukohoa. Mtu mmoja hawezi kuvaa kiatu kimoja utotoni na uzeeni. Je, mafundi walifanyaje? Walipata njia mbili kubwa, moja Uingereza na moja Italia.

2. Njia ya Waingereza: koo lijipanualo

George Herbert Skinner alikuwa mtu wa jamaa iliyojulikana London kwa biashara ya viatu. Yapata mwaka 1904 alibuni kabureta ambayo koo lake halikai na kipimo kimoja. Ndani yake mna pistoni nyepesi isimamayo wima. Injini ivutapo hewa kidogo, pistoni hukaa chini na njia huwa nyembamba. Ivutapo nyingi, pistoni huinuka yenyewe na njia ikapanuka. Chini ya pistoni imefungwa sindano iliyochongoka, nayo huingia katika jeti ya petroli. Pistoni ikipanda, sindano hupanda pamoja nayo, na kwa kuwa imechongoka, nafasi ya petroli huongezeka kwa kadiri ya hewa. Hivyo kasi ya hewa mbele ya jeti hukaa karibu sawa sikuzote, iwe motakaa yatambaa sokoni au yakimbia barabarani.

Zile za kwanza hazikuwa na pistoni ya chuma, bali zilikuwa na mfuko wa ngozi uliokunjika kama mivukuto ya mhunzi. Wala si ajabu, kwa kuwa ngozi ndiyo iliyokuwa mali ya jamaa ile. George na ndugu yake Carl wakaanzisha kampuni mwaka 1910, wakaiita kwa herufi mbili tu, SU. Mwaka 1926 ikanunuliwa na William Morris, mwenye viwanda vya motakaa za Morris, na kwa sababu hiyo kabureta za SU zikaenea katika motakaa nyingi za Kiingereza, ndogo kwa kubwa, pamoja na ile Morris Minor yetu tuliyoidharau.

Jina hilo la SU lapatikana hata katika historia ya vita. Ndege za Spitfire na Hurricane zilizopigana juu ya Uingereza mwaka 1940 zilikuwa na injini za Merlin, na injini hizo zilitumia kabureta za SU, ambazo hazikuwa na koo la kujipanua, bali za namna nyingine yenye boya. Rubani alipoinamisha ndege ghafula ili kumfuata adui, petroli ilirushwa juu ndani ya kabureta, na injini ikakatika kwa nukta chache. Ndege za Kijerumani za Messerschmitt 109 zilikuwa na pampu ya kusukuma petroli moja kwa moja katika silinda, nazo hazikuwa na udhaifu huo. Aliyeokoa jambo hili alikuwa mwanamke, Beatrice Shilling, injinia wa mahali pa kuchunguzia ndege pale Farnborough, ambaye kabla ya vita alikuwa akishindana kwa pikipiki katika uwanja wa Brooklands. Mwaka 1941 alitengeneza kipande kidogo cha shaba chenye tundu, cha kuzuia petroli isifurike. Hakikuondoa udhaifu wote, lakini kiliweza kufungwa upesi bila kuing'oa injini, na marubani walishukuru.

Hata hivyo Waingereza hawakuwa wapumbavu kwa kushika kabureta. Petroli igeukapo mvuke huipoza hewa, na hewa baridi huingia kwa wingi zaidi, ikaongeza nguvu. Twaona basi kwamba hakuna chombo kilicho na sifa zote. Kila kimoja hutoa faida kwa mkono mmoja na kudai malipo kwa mkono wa pili.

3. Njia ya Waitalia: makoo mengi

Edoardo Weber alizaliwa Turin mwaka 1889. Alifanya kazi katika kampuni ya Fiat, kisha akahamia Bologna, na mwaka 1923 akaanzisha kiwanda chake cha kabureta. Weber hakutaka koo lijipanualo. Alishika koo la kipimo kimoja, bali aliweka makoo mawili katika kabureta moja. Na katika zile za mbio makoo yote mawili hufunguka pamoja, kila koo likilisha silinda yake.

Tena alifanya jambo la pili lililopendwa sana na mafundi wa mbio: karibu kila kitu ndani ya kabureta yake chaweza kutolewa na kubadilishwa. Hata wembamba wa koo wenyewe ni kipande kitokacho. Kabureta ya namba 45, maana yake mlango wake ni milimita 45, yaweza kutiwa koo la ndani la milimita 34, au 36, au 38, kadiri ya haja. Baada ya hilo ziko jeti kubwa, jeti ya hewa, bomba la kuchanganyia lenye vitundu, jeti ya mwendo wa pole, na jeti ya pampu itoayo petroli ya ghafula mtu akanyagapo mafuta kwa nguvu. Jeti hupewa namba kwa sehemu za mia za milimita, hata ile iandikwayo 145 tundu lake ni milimita 1.45. Fundi mwenye ujuzi aweza kuifundisha kabureta hii kuifuata injini yake hatua kwa hatua. Fundi asiye na ujuzi aweza kupotea ndani yake mwaka mzima.

Mwisho wa Weber ni wa huzuni. Mwezi wa Mei 1945, vita ilipokuwa ikimalizika katika Italia, alitoweka, wala hakuonekana tena. Kiwanda kikaendelea, na mwaka 1952 Fiat ikakitwaa. Jina lake likabaki limechorwa ubavuni mwa kabureta za Ferrari, za Maserati na za wengineo wengi.

4. Uchaguzi uliofanywa Coventry

Sasa na tuzilete njia hizi mbili mbele ya mwamuzi mmoja. Twafikiri hakuna mfano ulio bora kuliko ule wa motakaa za Jaguar, kwa maana watu wale wale, kwa injini ile ile, walizitumia zote mbili, kila moja kwa kazi yake.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, William Lyons, mkuu wa Jaguar, alikuwa akikesha usiku kiwandani Coventry pamoja na mafundi wake William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily, wakilinda moto wa mabomu. Katika kukesha huko wakapanga injini ya siku za amani. Harry Weslake, aliyejua sana njia za hewa, akasaidia kuunda kichwa chake. Mwezi wa Oktoba 1948 injini hiyo ikaonyeshwa London ndani ya motakaa iliyoitwa XK120. Ilikuwa na silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wake sentimita za ujazo 3,442, na nguvu za farasi 160. Nayo ilivuta pumzi kwa SU mbili za inchi moja na robo tatu, kila moja ikilisha silinda 3. Mwezi wa Mei 1949, katika barabara ya Jabbeke nchi ya Ubelgiji, XK120 moja ilipita maili 132 kwa saa.

Mwaka 1951 Jaguar wakatengeneza motakaa nyepesi kwa mashindano ya Le Mans katika Ufaransa, ambapo watu hukimbia saa 24 usiku na mchana. Iliitwa C-type. Injini ni ile ile, kabureta zikiwa SU mbili. Motakaa tatu zilipelekwa. Mbili zilikwama kwa kukosa mafuta ya kulainisha, lakini ya tatu, iliyoendeshwa na Peter Walker na Peter Whitehead, ikashinda kwa mwendo wa maili 93 na nusu kwa saa.

Mwaka uliofuata ukawa wa fedheha. Stirling Moss, aliyeendesha katika mashindano ya Mille Miglia huko Italia, alipeleka habari kwamba motakaa mpya za Mercedes zina mbio sana. Jaguar wakaingiwa na hofu, wakabadili haraka umbo la mbele ili lipenye hewa. Kwa ajili hiyo maji ya kupozea injini hayakupita sawasawa, na motakaa zote tatu zikatoka mashindanoni. Mercedes wakashinda. Haraka haraka haina baraka; jambo hilo Coventry walilijua kwa gharama kubwa.

Mwaka 1953 hawakubadili kwa hofu tena, bali kwa kupima. Wakajiuliza: Katika Le Mans injini hufanya kazi gani? Hukimbia kwa nguvu zake zote katika njia iliyonyoka ya maili nyingi, saa baada ya saa. Haijali foleni, haijali kuwaka vizuri asubuhi ya baridi, wala haijali petroli. Kwa kazi hiyo makoo yaliyo wazi, moja kwa kila silinda, ndiyo bora. Kwa kuwa silinda tatu zikishirikiana kabureta moja, huwa kama ndugu watatu wanywao katika kata moja: mmoja hupata zaidi, mwingine hupata masalio. Basi wakafunga Weber tatu zenye makoo mawili mawili, jumla makoo 6 kwa silinda 6. Nguvu zikapanda kutoka farasi kama 200 hata farasi 220. Wakaongeza breki mpya za sahani zilizotengenezwa pamoja na Dunlop, na mwili mwepesi zaidi. Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda kwa mwendo wa maili 105.85 kwa saa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mshindi wa Le Mans kupita maili 100 kwa saa kwa wastani wa saa zote 24. Jaguar ya pili ikawa ya pili, na ya tatu ikawa ya nne.

Mwaka 1954 ikatokea D-type, yenye Weber tatu za namba 45 na nguvu kama farasi 250. Mwaka ule ilishindwa na Ferrari kwa nafasi ndogo. Mwaka 1955 ilishinda, lakini hapakuwa na furaha, kwa sababu siku ya tarehe 11 Juni motakaa moja iliruka katika kundi la watazamaji, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mwaka 1956 Jaguar wenyewe walijaribu chombo kipya cha kupuliza petroli badala ya kabureta, katika motakaa ya Mike Hawthorn na Ivor Bueb. Ufa mwembamba kama unywele katika bomba la petroli uliwapotezea muda mwingi, wakamaliza wa sita. Aliyeshinda ni D-type ya kundi la Ecurie Ecosse la Scotland, iliyovuta pumzi kwa Weber zilizokwisha kujulikana tabia zake. Mwaka 1957 D-type zikachukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya sita.

Sasa, ndugu msomaji, waweza kudhani ya kuwa baada ya ushindi huo wa Weber, Jaguar walizitupa SU. Hasha! Mwezi wa Machi 1961, mjini Geneva, walionyesha motakaa yao iliyosifiwa kuliko zote, E-type, ya sentimita za ujazo 3,781. Walikuwa na Weber mikononi mwao, tena zenye taji. Lakini E-type iliyouzwa kwa watu ilifungwa SU tatu za inchi mbili. Kwa nini? Kwa sababu walijua ni nani atakayeinunua. Atakuwa daktari, au mfanya biashara, au mtu apendaye safari. Atapita mjini taratibu, atasimama kwa askari wa barabarani, kisha atatoka nje na kuikanyaga. Atakuwa labda Marekani, labda Australia, na fundi wake atakuwa mtu wa kawaida. Kwa mtu huyo koo lijipanualo ni rafiki bora. Hesabu ya vipande nayo yasema: Weber tatu zina makoo 6, na kila koo lina vipande 6 vya kuchaguliwa, jumla 36, SU tatu zina sindano 3 na jeti 3.

5. Shauri kwa mwenye motakaa

Kutokana na habari hizi twaweza kuwapa shauri wale watunzao motakaa za kale za mbio, na mafundi wao.

Kwanza, mtu asiulize, "Ipi ina nguvu zaidi?" bali aulize, "Kazi yangu ni ipi?" Kama motakaa ni ya uwanja wa mashindano, na injini imetengenezwa ivute sana katika mzunguko wa juu, Weber hustahili gharama yake. Lakini kama ni ya barabara, SU zilizo nzima zitampa karibu nguvu zote anazoweza kuzitumia, na mwendo mwororo, na petroli chache.

Pili, asichague kubwa kwa kuwa ni kubwa. Koo pana mno hulegeza hewa na kuharibu mwendo wa katikati, nao ndio tuutumiao kila siku. Wenye Weber huanza na koo la ndani la kiasi, kisha jeti kubwa ambayo namba yake ni karibu mara nne ya milimita za koo. Kwa koo la 36 huanza na 145 hivi. Kisha hujaribu, na kusoma plagi: rangi ya kahawia ni njema, nyeusi ya masizi petroli imezidi, nyeupe petroli imepungua, na hapo asimame mara moja kabla pistoni hazijaungua.

Tatu, apime ugonjwa kabla ya kununua dawa. Atazame kijiti cha kipepeo kama kimelegea. Pistoni ya SU kama yashuka kwa uhuru na kugota chini. Mafuta mepesi kama yamo katika mnara wake, maana yakikosekana motakaa husita ikanyagwapo. Kisha injini ikiwaka taratibu na imekwisha kupata moto, ainue pistoni kidogo sana, kadiri ya sehemu moja ya 32 ya inchi. Mwendo ukizidi na kubaki umezidi, petroli ni nyingi. Ukishuka na injini kutaka kuzimika, petroli ni kidogo. Ukizidi kidogo tu na kurudi palepale, kipimo ni sawa. Katika SU za namna ya H hurekebishwa kwa nati iliyo chini ya jeti, na katika zile za HD, kama za E-type, kwa skrubu iliyo ubavuni. Zikiwa mbili au tatu, ashike kipande cha mpira, aweke ncha moja sikioni na nyingine mlangoni mwa kila kabureta, azisawazishe mpaka mvumo wao uwe mmoja.

Nne, sisi wakaaji wa nchi za juu tukumbuke ya kwamba hewa yetu si ile ya pwani. Mahali palipo mita 1,700 juu ya bahari, kama Nairobi, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja katika saba. Basi kabureta iliyopimwa Mombasa, ikifika bara hutoa petroli ya kuzidi, iwe SU au Weber. Waendeshaji wa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, walilijua jambo hili, kwa maana njia zao zilipanda na kushuka. Wenye SU hugeuza nati au kubadili sindano. Wenye Weber hubadili jeti za makoo yote. Tena si kila mshindi wa Safari alitoka Ulaya: Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na mwaka 1973, na zile zilizouzwa madukani zilikuwa na kabureta mbili za namna ya SU, zilizotengenezwa Japani na Hitachi.

Tano, atakayebadili na abadili, lakini asitupe za kwanza. Motakaa ya kale ni kama hati ya kale. Ikitoka kwa mikono yetu bila vyombo vyake, ajaye nyuma hataweza kusoma walivyofikiri walioitengeneza. Injini ile ya Jaguar ilitumika katika motakaa za namna nyingi hata mwaka 1992, na karibu wakati huo huo kabureta zilikuwa zikitoweka katika motakaa mpya, kwa sababu sheria za moshi katika Marekani na Ulaya zilitaka kipimo ambacho sindano na jeti hazikuweza kukitoa. Hivyo zilizobaki ndizo zilizobaki, na utunzaji wake u juu ya wale walionazo.

Nasi tuliitafuta tena ile SU ya Morris Minor tuliyoitupa pembeni. Yule mzee aliitia kijiti kipya na vikombe vyake, akaisafisha, akaifunga mahali pake pa zamani. Kazi hiyo ilichukua alasiri moja, na bei yake haikufika sehemu ya kumi ya ile kabureta kubwa. Kesho yake tukakipanda kilima kile kilichotushinda, bila kukohoa hata mara moja. Mzee alikaa kando yetu, naye hakusema neno ila methali ya wazee wetu: Usiache mbachao kwa msala upitao.